Siku Moto Ulipovua Kofia

Ninyi mnaoshika funguo za nyumba ya wazee baada yangu, nimewaachia vitu vinne kwenye droo ya meza. Kipimo cha mbao cha kukunjwa, ambacho ncha yake imepungua kwa sababu mzee mmoja aliikata akachokolea kiko. Filimbi. Kitabu cha kanuni. Na mkebe wa mawese wa kupaka bawaba za milango. Msizitie mawese mengi, maana siafu wanapenda milango inayofunguka vizuri.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Nataka kuwaeleza mlango wa nyuma, kwa sababu mnaupita kila siku mkienda jikoni na hakuna kati yenu aliyewahi kuniuliza kwa nini wazee wanaupenda kuliko wa mbele.

Nilianza kazi asubuhi moja ya mvua nyembamba, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi na mama hadi likasimama lenyewe. Mimi ni mtoto wa mjini Kasongo, wa familia ya Kiislamu. Baba yangu aliuza nguo sokoni, nami nilijua kusoma, kuandika na kujiona. Nyumba ilisimama pale barabara inapouacha mji na kushika njia ya Kabambare. Ilikuwa ya matofali mekundu na mabati, chumba kimoja kirefu, vitanda kumi na tisa. Serikali ya Wabelgiji iliijenga kwa ajili ya wazee wasio na mtu. Kulikuwa na wanaume waliobeba mizigo ya vita vya wazungu mpaka mabega yao yakasahau kushuka, na wanawake waliolima pamba ya Serikali mpaka migongo ikabaki imeinamia shamba ambalo halipo tena.

Niliingia nikakuta vitanda kumi na tisa vyeupe, na juu ya kila kitanda karanga zimeanikwa. Wazee sikuwaona.

"Wazee wako wapi?" nikamuuliza muuguzi, mtu mfupi aliyeitwa Feruzi.

"Chini," akasema.

Nikainama. Walikuwa chini ya vitanda, kila mtu kwenye mkeka wake, wakinitazama kwa macho ya watu waliovamiwa. Kanuni ilitaka vitanda vya chuma, Serikali ikavileta, virefu kama meza. Wazee walivitazama, wakashukuru, wakapata paa la pili.

"Yambo, Karani," ikasema sauti kutoka chini ya kitanda namba nne. "Usikanyage karanga."

Huyo alikuwa Mzee Kitenge, mzaliwa wa Wamaza, mkulima mwenye ulimi mkali kuliko panga lake. Jirani yake wa namba tano alikuwa Mzee Lukamba wa Lusangi, mnene, mwenye kiko, mkubwa wao kwa umri. Wawili hao walitaniana tangu alfajiri mpaka uji, na baada ya uji walianza upya. Namba saba alikuwa Mama Nyota, kipofu, mwepesi kama ganda la karanga. Yeye hakuwa chini ya kitanda. Alikuwa anatembea kando ya ukuta, vidole vyake vikisoma matofali moja moja, na aliponifikia alinigusa kifua akasema, "Hili tofali iko mupya."

Feruzi ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ile nilikuwa nimekumbatia kitabu cha kanuni kama mtoto mchanga. Akanipokonya.

"Karani, funga kitabu, fungua pua. Ingia chumbani kabla dirisha halijafunguliwa. Chumba kinachonuka mkojo kinaponyeka. Chumba kisichonuka kitu kabisa, uliza nani hakuamka." Kisha akaniweka kiganja sakafuni, mahali mbalimbali, mpaka nikajua unyevunyevu unapoanzia. Alinifundisha kutazama vidole vya miguu kabla ya uso, kwa sababu uso wa mzee una adabu na utakudanganya. Na alinifundisha habari ya moto. Wazee wa kwetu hawalali bila kaa la moto karibu na mbavu, kitabu kilikataza, na kitabu, kwa hilo, kilikuwa na haki, maana mkeka haujui kusamehe. Feruzi hakuwanyang'anya joto. Aliyapasha mawe jikoni, akayafunga katika matambara, akampa kila mmoja la kwake. Lukamba alilipa lake jina la marehemu mke wake. Alisema lilikuwa na joto zaidi.

Kitabu chenyewe kilitungwa Ulaya kwa nyumba za wazee za huko, kikasafiri mpaka kwetu bila mtu kukieleza kwamba kimesafiri. Aliyekileta alikuwa mkaguzi wa afya, Mbelgiji mrefu ambaye watu walimwita Bwana Mita kwa sababu alipima kila kitu, hata kivuli cha mlingoti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mistari. Alikaa mezani kwangu, akafungua kitabu, akaanza kusoma kanuni moja baada ya nyingine, nami nikajibu, naye akaandika.

Kanuni ya tisa iliuliza kama theluji imeondolewa juu ya paa.

"Theluji iko nini, Bwana?"

Akafikiri sana, kalamu hewani. "Iko kama pamba. Inaanguka toka juu."

Habari hiyo ilifika chini ya vitanda kabla yeye hajafunga sentensi. "Kwao pamba inaanguka yenyewe!" akasema Kitenge. "Ndiyo maana hawajui kupalilia."

Nikatoka nje, nikatazama paa, nikarudi. "Imeondolewa, Bwana." Akaandika. Kila ukaguzi aliniuliza, kila ukaguzi nilitoka nikatazama. Katika miaka yangu yote ya kazi theluji haikukaa juu ya paa letu hata siku moja, na hilo, wenzangu, najivunia.

Ndoo za mchanga zilikuwa sita, za kuzimia moto. Katika moja kuku wa jikoni alikuwa ameatamia. Bwana Mita aliitazama ile ndoo, akatazama kitabu, hakukuta kuku amekatazwa. Akaandika: ndoo sita, moja inatumika.

Mwaka wangu wa tatu tukafika kanuni ya kumi na nne. Nyumba ya wazee iwe na mlango wa pili, ukuta wa nyuma, wa kutokea wakati wa hatari. Hatukuwa nao. Nikamwita fundi, akatoboa ukuta asubuhi wakati wazee wanaota jua, akatia fremu na ubao, nami nikapaka mawese bawaba zote mbili kwa mkono wangu. Niliona nimefanya kazi nzuri. Hilo ndilo kosa langu kubwa la kazini, nalo nililifanya kwa furaha.

Wazee waliporudi ndani, walisimama. Kisha Kitenge akavua kofia yake ya ukindu.

"Nani alikufa?" akauliza.

Mimi wa mjini sikujua. Kwa wazee wale, mtu aliye hai huingia na kutoka kwa mlango wa mbele. Ukuta wa nyuma hutobolewa siku ya msiba tu. Maiti hupitishwa pale, wafiwa humfuata, kisha tundu huzibwa ili asikumbuke njia ya kurudi. Aliye hai akipita pale bila maiti mbele yake, amejiita mwenyewe. Nami nilikuwa nimewatobolea tundu la msiba, nikalitia kitasa.

Walikaa siku tatu wakiutazama ule mlango, wakingoja kujua ni wa nani. Siku ya pili Mzee Lukamba, kwa kuwa ndiye mkubwa, alisema hana sababu ya kuwachosha watu. Akaaga kitanda hadi kitanda. Mkeka wake akampa mmoja, jiwe lake akampa mwingine, kiko akampa Kitenge. Akalala chali, mikono kifuani, akingoja. Siku ya nne akaamka na njaa.

"Nirudishie kiko changu," akamwambia Kitenge.

"Cha nani? Mwenyewe alikufa."

"Nimebadili shauri."

"Muzee muzima, hata kufa hujui," akasema Kitenge, akipuliza moshi.

Niliwaapia kwamba mlango ni wa moto, si wa kifo. Walinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mtoto akieleza mahali jua linapolala. Tangu hapo hakuna aliyeukaribia. Hata Mama Nyota, vidole vyake vikifika kwenye fremu, aliviinua, akaruka upana wa mlango hewani, akaendelea na matofali ya upande wa pili.

Bwana Mita akaja kwa zoezi la kwanza la moto. Akaweka kitambaa chekundu shingoni, akasimama katika mlango wa mbele, saa mkononi. "Mimi iko moto!" akatangaza. "Ninyi toka kwa mulango ya nyuma. Dakika tatu!" Akapuliza filimbi.

Wazee wakatoka chini ya vitanda, wakachukua fimbo zao, wakapanga mstari, wakaelekea mlango wa mbele. Mmoja mmoja wakampita, na kwa kuwa alikuwa amejitambulisha, kila mmoja akampa mkono.

"Yambo, Bwana Moto."

"Yambo, Bwana Moto. Habari ya safari?"

"Hapana hapa! Mimi iko moto! Wewe naungua!"

"Pole sana, Bwana Moto," akasema Lukamba, akatoka.

Usimcheke, wewe unayesoma. Uso wa yule mtu ulikuwa na uchungu wa kweli. Akaketi mezani kwangu akaandika kwamba wazee kumi na tisa wameungua wote. Kisha akaniambia, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba anakwenda kukagua Salamabila na Wamaza, na akirudi tutafanya zoezi tena. Wakiungua mara ya pili, nyumba itafungwa, na kila mzee atapelekwa katika kijiji kilichoandikwa kwenye kitabu chake cha utambulisho.

Kwa Kitenge hilo lilikuwa balaa. Kwa Lukamba, aibu. Kwa Mama Nyota lilikuwa mwisho wa dunia. Nilifungua kitabu chake nikasoma jina la kijiji chake, upande wa Kabambare, ndani msituni. Kijiji hicho Serikali ilikihamishia barabarani zamani. Watu wakatawanyika, ndugu zake wakafa mmoja mmoja, na pale jina lilipokuwa sasa kuna miti. Nilimwambia, maana Feruzi alinifundisha kutomficha mzee jambo lake mwenyewe.

Aliweka kiganja chake juu ya ukuta. "Karani," akasema, "hapa nilishika matofali yote. Kule nitashika nini?"

Juma lililofuata nikaenda kuchukua posho, na karani wa ghala akakataa kutupa chumvi. Ripoti ya Bwana Mita ilikuwa imepanda hadi ofisi moja ya juu, mtu akanakili majina kumi na tisa katika safu ya waliofariki, na karatasi ikashuka nayo.

"Hawa watu wako hai," nikamwambia. "Asubuhi hii mmoja kanitukana."

"Labda. Lakini wamekufa," akasema, akinionyesha muhuri. Hakukasirika. "Aliyewaua ndiye awafufue. Lete saini ya mkaguzi."

Mkaguzi alikuwa Salamabila. Kwa hiyo mpaka arudi, wazee wangu walikuwa marehemu, wakila muhogo wa bustani bila chumvi. Niliwaeleza jioni ile, nikiona haya. Wengi walilalamikia chumvi. Kitenge peke yake alikaa akivuta kiko cha Lukamba, akifikiri.

"Karani. Kumbe Serikali inasema sisi ni wafu?"

"Kwa karatasi, Mzee."

"Karatasi ya Serikali haisemi uongo?"

Sikujua pa kuweka macho. "Haikubali kusema uongo."

"Basi sikilizeni," akawageukia wenzake. "Mutu akijifanya maiti anaita kifo. Lakini sisi hatujifanyi. Sisi tumeandikwa. Bwana Moto akija, tunamubeba mumoja wetu, maiti kabisa, mwenye muhuri. Anapita kwa mulango wake. Sisi wengine tunamufuata, tuko kwa kilio. Nani atasema tumekosea?"

Wakaipima hoja kama watu wanaopima gogo kabla ya kuvuka mto. Hakuna aliyeona kosa. Mimi nililiona, lakini lilikuwa kosa la upande wangu wa mlango.

"Maiti ni mimi," akasema Lukamba upesi. "Nilishaaga."

"Wewe? Tukikubeba wewe, tutafika nje tukiwa maiti wanne."

Ilibidi awe mwepesi. Macho yote yakamgeukia Mama Nyota, naye, asiyeyaona, aliyasikia.

"Mimi hapana," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Maiti lazima aliliwe na mutu wake. Ndugu asimame kwa kichwa, aseme huyu ni wetu, ndipo atolewe. Mimi nani atasema? Mukinitoa bila mutu wa kusema, mutakuwa munatupa takataka."

Hapo Feruzi alitoka nje kutazama mawe yake jikoni. Mzee Lukamba akajikokota kutoka chini ya namba tano, akapiga magoti yake mazito mbele ya namba saba.

"Mimi ni kaka yako," akasema.

"Wewe kabila muzimba. Mimi mubangubangu."

"Nimekuwa jirani yako miaka mingi, nimesikia unakoroma. Kaka gani mwingine unataka?"

Mama Nyota akanyoosha mkono, akamshika uso, akausoma polepole kama ukuta: paji, pua, mashavu, kidevu. "Haya," akasema mwishoni. "Iko mubovu, lakini inasimama."

Bwana Mita akarudi, mwekundu kwa jua. Akafunga kitambaa, akasimama mlango wa mbele, akainua saa. "Mimi iko moto," akasema kwa uchovu, akapuliza filimbi.

Kitu ambacho hatukukifikiri, mimi na Kitenge na elimu yetu yote, ni kwamba msiba haukimbii. Mama Nyota alikuwa mkekani, amefunikwa shuka jeupe. Wanawake wakaanza kulia. Nilidhani watalia kidogo, kwa ajili ya zoezi. Lakini walikuwa na vifo vingi vya zamani ambavyo havikupata kilio cha kutosha, na sauti ilipofunguka ilitoka na vyote. Dakika ya kwanza ikapita. Lukamba akasimama kichwani pa mkeka kusema maneno ya ndugu.

"Huyu ni wetu," akaanza. "Huyu alifika kabla yangu. Aliniambia mahali bati linapovuja. Mutu akiugua jino, yeye ndiye alikaa naye..."

"Moto!" akapaza sauti Bwana Mita. "Moto! Upesi!"

Kitenge, ameshika pembe moja ya mkeka, akageuza shingo. "Bwana Moto, ngoja kidogo. Iko kilio."

Nami nilikuwa namtazama yule mtu. Nilikuwa nimehesabu mshale wa saa pamoja naye, na nilijua tumeshindwa. Katika kichwa changu nilikuwa nikitafuta lori la kumpeleka Mama Nyota kwenye miti. Nikaona macho ya Bwana Mita yakifika kwenye shuka jeupe. Midomo yake ikafunguka. Akashusha mkono wenye saa. Kisha, polepole, kama mtu aliyefundishwa hivyo na mama yake mbali huko pamba inakoanguka, alivua kofia yake nyeupe ya jua, akaishika kifuani, juu ya kile kitambaa chekundu, akainamisha kichwa.

Moto ulisimama, kofia mkononi, mpaka Lukamba akamaliza kusema kila alichokuwa nacho. Mkeka ukainuliwa. Ukapita mlango wa nyuma miguu mbele, bila bawaba kulia, na wazee wote wakaufuata kwa fimbo zao, mpaka wa mwisho.

Bwana Mita akanijia. "Nani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Namba saba, Bwana."

Tukatoka kwa nyuma pamoja. Chini ya mpapai, maiti alikuwa ameketi, shuka mabegani.

"Tumefika?" akauliza Mama Nyota. "Nipeni maji. Kaka yangu anasema maneno mengi."

Nilimwona Bwana Mita akipoteza wekundu wote aliouleta kutoka Salamabila. Aliketi juu ya ndoo ya mchanga, na bahati kuku alikuwa ametoka. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na labda alilia kidogo kabla hajacheka. Kisha akaomba kalamu. Aliandika vyeti kumi na tisa vya kuwa hai, cha kwanza cha Mama Nyota. Kwenye fomu ya zoezi, mahali pa muda, alitazama saa yake kwa muda mrefu, maana tangu avue kofia hakuwa ameitazama. Akaandika: unafaa. Nyumba haikufungwa. Kabla hajaondoka aliniuliza habari ya theluji, nikatazama paa, nikamjibu.

Mama Nyota alirudi ndani kwa mlango uleule, kwa sababu alisema huko mbele kuna moto. Vidole vyake vilishika fremu, upande huu, juu, upande ule. Mlango uliomtoa maiti ulikuwa umemrudisha mzima, na baada ya hapo wazee waliona hauna tena meno. Wakaanza kuupita kwenda kuota jua, kwenda jikoni, kwenda kumtafuta kuku. Ukawa mlango wa walio hai.

Mama Nyota alikufa miaka kadhaa baadaye, kweli safari hii, asubuhi, mkono wake ukiwa ukutani. Nilichukua funguo, nikaenda kufungua nyuma. Kitenge akanizuia.

"Ule mulango alishapita, Karani. Huyu atoke kwa mbele."

Wanawake walilia. Tukamngoja Lukamba, mzee sana sasa, asimame kichwani kusema maneno ya ndugu. Alisimama, akaweka kiko chake, ambacho alikuwa amerudishiwa hatimaye, kando ya mkono wa dada yake.

"Nilishasema," akasema.

Tukaubeba mkeka mpaka mlango wa mbele. Kizingiti kilikuwa kitupu, jua tu limesimama pale. Kitenge aliyekuwa mbele akapunguza mwendo, akavua kofia yake ya ukindu.

"Yambo, Bwana Moto," akasema. Akangoja kidogo, kama mtu anayepishwa njia, kisha tukapita.